Nyingine Zitangoja

Duluth, mwezi wa pili. Ziwa limeganda
na meli za madini zimelala gatini
kama viatu vilivyovuliwa mlangoni.
Ndani ya ukumbi wa Verna Prebich matufe yanaviringika,
pini zinaanguka, mtu anacheka,
nami nimepiga magoti nyuma ya sanduku la mchezo,
tochi mdomoni, vumbi puani.

Verna alikuwa amesema: "Picha imekonda kiunoni.
Vyombo vya adui vinashuka vimepinda
utadhani vimelewa kunizidi."
Nikamwambia si adui, ni kapasita.
Akasema vyovyote vile, Ijumaa kuna sherehe ya watoto.

Kwanza, adabu kwa umeme.
Plagi kutoka ukutani si hoja:
tyubu ya picha ina kinyongo,
huweza kufuga volti elfu kadhaa kimya kimya
ikimsubiri mwenye pupa.
Mkono wa kushoto mfukoni.
Bisibisi, waya, fremu ya chuma,
ncha ikapenya chini ya kofia ya mpira.
Ta!
Sauti ndogo, ya mtu aliyevunja kijiti kisha akakana.
Nikarudia. Umeme hauoni haya kurudi.

Ndipo nikakukuta wewe.
Penseli, kwenye mbao za ndani,
herufi zikiinamia kulia kama zinapambana na upepo:
"R.K., Novemba 1987. Nimebadilisha C16.
Nyingine zitangoja."

Ndugu R.K., zimengoja.
Ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo ndiyo haya,
yamevimba, yamepasuka utosini.
Moja imetapika maji ya kahawia juu ya ubao
yananuka samaki wa juzi.
Sikulaumu. Nakujua kwa lehemu yako,
tone nene, la haraka,
tone la mtu mwenye vidole vilivyokufa ganzi
na gari linalonguruma nje, limeachwa likiwaka
lisije likagoma kwa baridi.

Natoa moja, natia moja.
Mstari wa upande wa hasi nautazama mara tatu,
maana kapasita iliyogeuzwa haikuonyi, hupasuka tu.
Mikrofaradi kumi, volti hamsini.
Mikrofaradi mia, volti mia na sitini.
Moshi wa lehemu unapanda, unaingia jicho lilelile kila mara.

C16 yako niliiacha mwisho.
Niliitakia uzima, kusema kweli.
Nilitaka nikuandikie kwamba kazi yako imedumu.
Mita ikasema imekufa kama wenzake.
Imo mfukoni mwa shati langu, nyepesi kama punje ya mahindi,
wala sijui naipeleka wapi.

Nilipomaliza, mezani ilibaki moja.
Pakiti ilisema ishirini na tatu.
Nikahesabu ubaoni: ishirini na tatu.
Nikahesabu tena, kwa kidole, kama mtoto.
Ishirini na tatu, na moja mezani
ikinitazama.
Ama muuzaji ana moyo mkunjufu,
ama nitajua nikiwasha.

Nikawasha.
Uzi mwekundu ukaiva shingoni mwa tyubu,
giza likawa kijivu, kijivu kikawa anga,
na vyombo vya adui vikashuka wima, safu kwa safu.
Nyuma yao, kwenye kioo chenyewe,
maneno TIA SARAFU yameungua, yamebaki kama kovu
hata pale mchezo unapoendelea na sarafu imo.
Hilo halina kapasita.

Verna akafuta mikono kwa aproni, akacheza,
akafa kabla ya dakika kuisha,
akatukana kwa lugha ya bibi yake,
akatia sarafu nyingine.

Kabla ya kufunga mlango wa nyuma nikatoa penseli.
Chini ya mwandiko wako nikaandika:
"I. Halvorsen, Februari. Zote zimebadilishwa.
Spika inakwaruza."
Nikasita. Nikatega sikio:
nje, gari langu lilikuwa bado linanguruma.
"Hiyo itangoja."